Jiwe la Angani Halilipuliwi, Husukumwa

Mapema mwaka wa 2025, wanafalaki walitangaza kwamba asteroidi iitwayo 2024 YR4, jiwe lenye upana wa takriban mita 60, ilikuwa na uwezekano wa asilimia 3 hivi wa kuigonga dunia mnamo Desemba 2032. Ukanda wa hatari ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukakatiza Afrika hadi Asia ya Kusini. Vipimo vya baadaye viliiondolea dunia hatari hiyo. Hata hivyo, kitenzi kimoja kilitawala mazungumzo ya siku zile: kulipua. Sisi watu wa isimu tuna mazoea ya kukishuku kitenzi kabla ya kumshuku msemaji.

Jiwe likilipuliwa karibu na dunia, vipande vyake vyaweza kuendelea kuja kwa njia ile ile. Linalotakiwa ni kulisukuma kidogo, tena mapema. Dunia hukimbia kilomita 30 hivi kila sekunde, na kwa dakika 7 tu huwa imekwisha kusonga umbali ulio sawa na kipenyo chake. Yaani tunapishana na jiwe kwenye njia panda. Likicheleweshwa kwa dakika hizo, hukuta tumekwisha kupita. Badiliko la kasi la sentimita 1 kwa sekunde, likipewa miaka 10, hulisogeza jiwe maelfu ya kilomita. Likipewa mwezi mmoja, halifikishi hata kilomita 100.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito wa kilo 570 hivi, kiliigonga Dimorphos kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde. Jiwe hilo lilikuwa likiizunguka Didymos kwa saa 11 na dakika 55. Muda huo ulipungua kwa dakika 33 hivi. Ajabu ni kwamba vifusi vilivyotimka vilizidisha msukumo kuliko kishindo chenyewe, kama bunduki inavyolisukuma bega la mpigaji.

Lakini msukumo pungufu hauiondoi hatari, bali huihamisha. Mahali pa kuanguka husogea kwenye ukanda ule ule, pengine kutoka taifa moja hadi jingine. Nani ataamua lisogezwe upande upi? Kamati ya ushauri iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2013 ni ya mashirika ya anga, ilhali ukanda wa 2025 haukubagua wenye roketi na wasio nazo. Mataifa ya Afrika yadai kiti sasa, kabla jiwe jingine halijaonekana.