Goti Bandia Halikomei Muhimbili

Upasuaji wa kubadilisha goti sasa hufanyika hapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, mgonjwa wa Dumila, wilayani Kilosa, akisharuhusiwa husafiri zaidi ya kilomita 200 kurudi nyumbani, na hatari ya maambukizi husafiri naye.

Goti bandia ni chuma na plastiki, halipitishi damu. Bakteria wakilifikia hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Ndiyo maana vidonge vya duka la dawa vinaweza kutuliza homa bila kung'oa tatizo, tena vikavuruga vipimo. Inapowezekana, majimaji ya goti huvutwa na kuoteshwa maabara kabla ya dawa kuanza. Maambukizi yakigunduliwa mapema, goti husafishwa na kipande cha plastiki hubadilishwa. Yakikomaa, mara nyingi goti lote hutolewa, na jingine huwekwa baadaye. Dawa huendelea kwa wiki kadhaa.

Hapa suala la tiba linageuka kuwa la sera. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 upimwe kwa swali hili: nani atagharamia nauli, vipimo na upasuaji wa pili wa mkulima huyu? Mganga wa kituo cha afya awe na namba ya simu ya madaktari waliompasua, na mshono unaovuja uhesabiwe kuwa rufaa ya haraka. Tusihesabu magoti yaliyowekwa tu. Tuhesabu pia yanayotembea mwaka mmoja baadaye.