Mguu Usiofungwa

Msomaji kijana, yako mazoea mabaya miongoni mwa wapenzi wa elektroniki ambayo hayastahili kuvumiliwa. Mtu hununua chipu ya 4011, yenye miguu 14 na malango 4 ya NAND. Hutumia lango 1, na miguu 6 ya kuingilia ya malango yaliyosalia huiacha hewani, haikufungwa popote. Taa ikiwaka hujisifu kuwa kazi imekwisha. Mimi nasema haijaisha.

Hoja yake ni kwamba kisichotumiwa hakidhuru. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini si kweli. Chipu za jamii ya 4000, zilizotolewa na RCA ya Marekani mwaka 1968, zina miguu ya kuingilia isiyohitaji mkondo ila kidogo mno. Kwa hiyo mguu mtupu hausemi 0 wala 1. Hufuata chochote kilicho karibu, mkono wako au umeme wa nyumba wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Ukitangatanga katikati, transista mbili zilizopaswa kupokezana hufunguka zote kidogo, na mkondo hupita bure kutoka chanya mpaka hasi. Betri hudhoofika na chipu huweza kupata joto. Ubaya zaidi, kosa lenyewe huja na kuondoka: chombo hutii mezani leo, kesho hukaidi siku ya maonyesho ya sayansi.

Atajibu kwamba chipu za kale za 7400 huhesabu mguu mtupu kuwa 1. Ni kweli, lakini hata hizo huyumbishwa na vurugu za umeme. Bahati njema haiwezi kuwa kanuni ya ufundi.

Na dawa yake ni nini? Kipande cha waya! Lango lisilotumiwa, miguu yake ya kuingilia ifunge kwenye chanya au hasi. Mguu wake wa kutokea uache huru. Lango litumikalo likiwa na mguu wa ziada, tumia akili: NAND hutoa 0 pale tu miguu yake yote ya kuingilia ipatapo 1, basi mguu huo ufunge kwenye chanya, wa NOR, kwenye hasi. Ukigeuza, lango litakwama.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Fundi hapimwi kwa alichokitumia peke yake. Hupimwa pia kwa alichokiacha.