Mashine Mbili, Kidole Kimoja

Mkazi wa Bujora mwenye kisukari anaweza kujipima asubuhi nyumbani akaona 9.8. Akishuka Kisesa na kupimwa tena kwenye duka la dawa muda mfupi baadaye, mashine ya pale inasoma 8.4. Hapo maneno huanza. Jirani atasema ya nyumbani ni feki, muuza duka atasema stripu zake zimeharibika, na mwenye kidole anarudi kwake hajui ashike lipi.

Jibu lisilowafurahisha wengi ni kwamba mashine zote mbili zinaweza kuwa nzima. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, hakidai usahihi wa nukta kwa nukta. Kinataka vipimo 95 kati ya kila 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapokuwa milimoli 5.55 kwa lita au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Kwa hiyo kama sukari halisi ni 9.0, mashine inayosoma 7.7 imefaulu, na inayosoma 10.3 nayo imefaulu. Kiwango cha zamani, cha 2003, kilivumilia hadi asilimia 20.

Kwa anayetumia vidonge na kupima mara mojamoja, pengo hilo halibadilishi mengi. Daktari wake huangalia mwenendo wa wiki kadhaa, haangalii namba ya asubuhi moja. Kwa anayejichoma insulini mambo ni mengine. Sukari yake ikiwa 4.0, mashine moja inaweza kumwonyesha 3.2, akaelewa kwamba anatakiwa kunywa kitu chenye sukari mara moja. Nyingine ikamwonyesha 4.8, akachukua jembe akaenda shamba. Zote mbili ziko ndani ya kanuni.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya kanuni hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu aina 18 za mashine zilizokuwa zikiuzwa Marekani, na ni sita tu zilizofikia kigezo cha usahihi kilichowekwa. Zote 18 zilikuwa na kibali cha kuuzwa.

Lakini kwa Kanda ya Ziwa kuna jambo zito kuliko hilo, na halisemwi vya kutosha dukani: damu yenyewe. Chembe nyekundu zikipungua, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Zikizidi, husoma chini. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi huandika kiwango cha chembe hizo ambacho mashine inakimudu, na kwa baadhi ya mashine mpaka wa chini ni karibu asilimia 30 ya ujazo wa damu. Sasa tazama wanaopimwa. Huku kuna magonjwa yanayopunguza damu: malaria, minyoo ya safura, kichocho cha ziwani, na selimundu, ambayo mgonjwa wake mara nyingi huwa chini ya mpaka huo hata siku anapojisikia vizuri. Kuna pia kifua kikuu, ambacho mara nyingi huja na upungufu wa damu: utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa TB, dhidi ya 9.4 ya wenzao wasio na ugonjwa huo. Mwenye damu pungufu akianza kushuka sukari, mashine inaweza kumwambia yuko salama. Wala asidhani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kitamwokoa, kwa sababu nacho hupotoshwa na selimundu.

Maabara pia isichukuliwe kama msahafu. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Sampuli iliyotolewa kwenye kituo cha kijijini ikiwa na 9.0, ikasubiri usafiri wa kwenda mjini kwa saa mbili, inaweza kufika ikiwa karibu 8. Halafu lawama zinaiangukia mashine ya nyumbani!

Mengine ni madogo na yanatibika. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani husoma kwa miligramu, hivyo 126 isimshtue mtu: igawanye kwa 18, ni 7.0 ileile. Vidole vilivyotoka kumenya tunda hudanganya. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba hata kupangusa kwa spiriti hakutoshi, mpaka kunawa kwa maji. Na kopo la stripu lililoachwa wazi jikoni hunyonya unyevu.

Ushauri wa kununua mashine ya bei kubwa, ambao ndio husikika zaidi, haugusi kiini cha tatizo. Mgonjwa abaki na mashine moja, aende nayo kliniki, ajipime palepale anapotolewa damu ya maabara, kabla ya kula. Aandike tofauti kwenye daftari lake. Mwenye upungufu wa damu amwambie daktari kabla hajaiamini namba yoyote.

Sehemu kubwa ya mzigo, hata hivyo, si yake. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, na mamlaka hiyo inaweza kudai mambo mawili bila kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma: kila anayeuza mashine auze pia kile kimiminika cha kuhakiki mashine na stripu zake, na mpaka wa upungufu wa damu uandikwe kwa Kiswahili juu ya boksi, si ndani kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Kimiminika hakitambui damu pungufu, kwa hiyo yote mawili yanahitajika. Kisha mashine zinazouzwa huku zijaribiwe kwa damu ya watu wa huku. Hospitali ya Bugando ipo, na taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR Mwanza, imekuwa ikifuatilia afya ya wakazi wa Kisesa tangu 1994. Kazi hiyo ifanyike, na majina ya mashine zilizoshindwa yabandikwe kwenye maduka ya dawa.