Mtoto asiitwe "mbovu"



Nina dukuduku juu ya neno moja ambalo sisi wazazi na walimu tunalitumia ovyo. Neno lenyewe ni "bovu".

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini huku Karagwe. Wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, mzazi mmoja alinijia na mwanawe akasema: "Mwalimu, huyu ni mbovu. Nimemleta tu asishinde nyumbani." Nikamwuliza, "Mbovu wa nini, mama?" Akajibu, "Ni mbovu tu, mwalimu."

Neno hili lina kazi zake halali. Embe lililooza ni bovu. Kiti kilichovunjika mguu ni kibovu, barabara ya mashimo ni mbovu, na anayevuruga sarufi huambiwa Kiswahili chake ni kibovu. Hata anayeumwa jino husema ana jino bovu. Lakini tukitazama vizuri tutaona maana mbili. Kuna kitu kilichooza, ambacho hutupwa, na kuna kitu kilichoharibika, ambacho hutengenezwa. Embe bovu halina fundi. Kiti kibovu kina fundi. Tukimwita mtoto mbovu hatusemi yuko upande gani, na wanaosikia humweka upande wa embe.

Sisi wa Karagwe na wenzetu wa Kyerwa ni wakulima, na mazao yetu hatukubali yasemwe hivyo. Siku ya gulio, mnunuzi akisema maharage haya mabovu, mwenye mali atadai aonyeshwe. Je, yamebunguliwa, yamelowa, au yana mchanga? Yaliyolowa huanikwa, yenye mchanga hupepetwa. Kahawa isiyokauka vizuri hurudishwa juani. Ikiwa debe la maharage linatetewa namna hii, mtoto je?

Ndiyo maana naona heri tutumie neno "kasoro". Tunasema saa mbili kasoro dakika tano, wala hakuna anayedhani kwamba saa hiyo imeharibika. Zimepungua dakika tano tu. Neno hili humlazimisha msemaji ataje kilichopungua na kiasi chake. Nalo pia tusilitumie nusu nusu: kusema "ana kasoro" bila kutaja kasoro gani ni kurudi kule kule.

Mtoto yule niliyeletewa nilimchunguza kwa majuma mawili. Kumbe hasikii vizuri akikaa nyuma. Nilimhamishia dawati la mbele, nikawa nasema naye huku nikimtazama, na mama yake nikamshauri ampeleke hospitali akapimwe masikio. Leo anasoma silabi kama wenzake.

Nami sijitoi katika lawama. Miaka ya nyuma niliwahi kuandika kwenye ripoti ya mwanafunzi: "Mbovu wa hesabu." Baba yake akaacha kumnunulia madaftari, akasema kitu kibovu hakigharimiwi. Mtoto yule hakumaliza shule. Ukweli ni kwamba alikuwa hajui kugawanya tu, na kugawanya ni kazi ya majuma machache kwa mwalimu anayetaka. Kama ningeandika hivyo, huenda angemaliza. Maneno matatu yangu ya uvivu yalimfungia mlango.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama watoto wengine. Jina la sheria hiyo lenyewe linamtaja mtu kwanza, ulemavu baadaye. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kila nyumba kusikiliza tunavyowaita watoto wetu. Kazi hiyo ni yetu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, tunapojaza ripoti tuandike mtoto hajui nini, ili mzazi ajue pa kusaidia. Nanyi wazazi, mwalimu akiwaambia mtoto wenu ni mbovu, msiondoke ofisini. Mwulizeni: "Mbovu wa nini?" Akikosa jibu, basi hajamchunguza mtoto.



Mwalimu wa Kijijini,
Karagwe, Kagera.