Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Nyonga ya Baba ni ya Aina Gani?

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi. Baba yangu ni mrina asali. Mizinga yake ya magome imetundikwa porini, na kila mmoja una alama aliyoirithi kwa babu, mikato mitatu na mduara. Mtu wa huku akiukuta mzinga ule, hata ukiwa umeanguka, anajua ni wa nani.

Miaka kadhaa iliyopita tawi la mtundu lilikatika baba akiwa juu yake. Shingo ya mfupa wa paja ikavunjika. Alipewa rufaa, akawekewa nyonga bandia katika hospitali moja iliyo mbali na kwetu, ambayo siitaji kwa sababu siandiki kumshtaki mtu. Waliompasua walimrudisha nyumbani akitembea, na kwa hilo tunawashukuru hadi leo.

Kisha maumivu yakaanza pajani. Akiinuka kitini, hatua za mwanzo alikuwa anachechemea, halafu anakaa sawa. Tukasema ni uzee. Mama akamkanda kwa maji ya moto msimu mzima, na mguu ukazidi kufupika. Alipopigwa picha ndipo daktari akatuonyesha mstari mweusi kati ya chuma na mfupa: chuma kimelegea, itabidi apasuliwe upya.

Daktari bingwa aliyempokea kwa upasuaji wa pili alituuliza swali moja. Mzee aliwekewa chuma cha kampuni gani, na saizi gani?

Hatukuwa na jibu. Cheti tulichopewa mara ya kwanza kiliandikwa tu kwamba amebadilishiwa nyonga ya kushoto. Faili la zamani lilitafutwa, halikuonekana.

Mheshimiwa, naomba nieleze kwa nini swali lile ni zito, maana hata mimi nilidhani chuma ni chuma. Nyonga bandia ina sehemu kadhaa: kikombe kinachokaa kwenye fupanyonga, bitana ya plastiki ndani yake, kichwa cha mviringo, na shina linaloshindiliwa ndani ya mfupa wa paja. Kichwa cha kampuni moja hakikai sawasawa kwenye shina la kampuni nyingine. Daktari akijua aina, anaweza kuacha sehemu ambayo bado imeshika vizuri na kubadilisha ile iliyoharibika tu, na anaagiza mapema vifaa vya kuitolea. Asipojua, anaingia chumba cha upasuaji amejiandaa kwa lolote, na anaweza kulazimika kung'oa hata kilicho kizima. Muda unaongezeka, damu inapotea zaidi, mfupa unamegeka, na gharama zinapanda. Sisi tuliuza ng'ombe.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo. Kila boksi la kiungo bandia huja na stika zenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo, za kubandika kwenye faili la mgonjwa. Stika ya baba ilipotea pamoja na faili lake.

Kuna nchi ambazo hazikuachia faili moja kazi hiyo. Sweden ilianzisha daftari la taifa la nyonga bandia mwaka 1979. Agosti 2010, kampuni ya DePuy ya Marekani ilipoziondoa sokoni nyonga zake za ASR, zilikwisha kuwekwa kwa watu zaidi ya 90,000 duniani. Yaliyoonyesha kwamba watu wengi mno walikuwa wanapasuliwa upya ni madaftari ya Australia na ya Uingereza na Wales. Na usiseme hayo ni ya matajiri, Mheshimiwa. Malawi, jirani yetu wa ziwa moja, walianzisha daftari lao la viungo bandia mwaka 2005.

Tanzania tunalihitaji pengine kuliko nchi tajiri. Kwao nyonga bandia ni jambo la wazee. Hapa huwekewa pia watu wa makamo walioanguka na bodaboda, na vijana ambao sikoseli imeua kichwa cha mfupa wa paja. Kijana wa miaka 25 akiwekewa leo, kuna uwezekano mkubwa atahitaji kurudiwa maishani mwake, labda zaidi ya mara moja. Wa kumpasua wakati huo huenda leo yuko shule ya msingi. Atamuuliza nani?

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inasimamia vifaa vinavyoingia nchini. Hospitali zinaviweka. Naomba Wizara yako iunganishe ncha hizi mbili: kila nyonga inayowekwa iandikwe kwenye daftari moja la taifa kwa namba ya kitambulisho cha mgonjwa, na mgonjwa aondoke na kadi yenye stika. Wanaovisha ng'ombe hereni za namba huku Katavi wameweza. Naomba pia wenye vyuma waitwe kupigwa picha za uangalizi mjini Mpanda, mkoani kwetu, kabla mguu haujafupika, na kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake Bunge lilipitisha mwaka 2023, kitaje kurudiwa kwa upasuaji huu waziwazi.

Baba sasa anatembea kwa magongo, na daktari anasema atayaacha. Safari hii tuliiomba stika wenyewe. Mama ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ameiweka sandukuni pamoja na hati ya shamba. Nyumba yetu ni ya nyasi, na huku moto wa porini hupita kila kiangazi. Mkituambia namba ile tuipeleke wapi ikaandikwe, tutaipeleka.

Ni mimi,
mtoto wa mrina asali,
Inyonga, Mlele