Msimpe Shule

Mwalimu wa sayansi akipata tuzo, hata cheti hakijatundikwa ukutani, maneno yanaanza: "Huyu sasa apewe shule." Wanayasema wazazi, maofisa, na walimu wenzake, tena kwa nia njema kabisa. Tumeshakubaliana, bila kukaa kikao, kwamba anayefundisha vizuri kuliko wote zawadi yake ni kuondolewa darasani.

Katavi haina ubavu wa kuendekeza imani hiyo. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mwaka uleule Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Watu walichangishwa, majengo yakainuka. Lakini maabara isiyo na mwalimu ni stoo ya viti vibovu, na anayepangiwa Mishamo au Karema aghalabu huulizia uhamisho kabla hajaizoea njia ya sokoni. Anayebaki na kuipenda kazi ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Mtazame akiwa kazini. Kemikali ya kutambulisha asidi na besi imekwisha, naye anachemsha choya ya sokoni Mpanda. Maji mekundu anayagawa kwenye chupa za plastiki zilizokatwa. Moja inakamuliwa ndimu, wekundu unakolea. Nyingine inatiwa maji ya majivu, inageuka kijani. Binti wa kidato cha pili aliyekuwa amekariri tu anauliza: "Na maji ya kisima chetu, mwalimu?" Kipindi kimekwisha lakini hakuna anayetoka.

Sasa mpe shule. Tangu ujenzi uhamie kwenye fosi akaunti, mkuu wa shule ndiye anayekimbizana na saruji, nondo, bati na mafundi. Jioni anaingiza matumizi kwenye mfumo wa FFARS, intaneti ikikubali. Mwishoni mwa 2021, nchi ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kuna wakuu waliokesha saiti kama wasimamizi wa zamu. Ni kazi ya heshima na inataka ujuzi wake. Ndiyo maana ADEM ipo Bagamoyo ikifundisha uongozi wa elimu. Kuchemsha choya hakumfundishi mtu kusoma mkataba wa fundi.

Watetezi watasema ubora wake utaenea shule nzima. Utaenea saa ngapi? Mkuu hubeba vipindi vichache, na hivyo navyo hupotea siku akiitwa halmashauri. Shule inapata mkuu anayejifunza kazi upya na kupoteza mwalimu aliyekwisha kuiva. Anayetaka uongozi kwa moyo wake aende, lakini asisukumwe na makofi.

Na tusidanganyane, wengi hawafuati kiti. Serikali ilipoanza kulipa posho ya madaraka, mkuu wa sekondari alipangiwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Aliyebaki na chaki hakupangiwa kitu. Mwenye watoto wanaosoma atachagua nini?

Wanaotoa tuzo kubwa waliliona hili. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko, shule ya kijijini kaunti ya Nakuru iliyokuwa na kompyuta moja, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani huko Dubai, dola milioni moja. Sharti mojawapo la tuzo hiyo ni mshindi kuendelea kufundisha kwa miaka mitano angalau. Singapore nayo, tangu 2001, ina ngazi tofauti kwa mwalimu na kwa kiongozi, ili mtu apande cheo bila kuiacha chaki.

Katavi inaweza kuanza na kidogo. Ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Kila moja imteue mwalimu mmoja wa sayansi aliyethibitika, imlipe posho ileile ya mkuu wa shule, abaki na vipindi vyake, na siku moja kwa wiki aende shule jirani kufundisha mbele ya walimu wachanga. Kwa mwaka ni shilingi milioni 15 kwa mkoa mzima. Chumba kimoja cha darasa la UVIKO kilitengewa milioni 20.