Ndama Hana Sinema

Hebu tuseme ukweli: tunalizwa kwa mpangilio. Simba jike anaondoka kuwinda, anawaacha watoto watatu majanini. Kamera inahamia kwa fisi. Ngoma nzito zinaanza kulia chinichini, na kabla fisi hajafanya lolote, wewe pale kwenye kochi umeshamchukia. Msimulizi anaongea taratibu, kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba. Mtoto mmoja haonekani. Machozi. Kisha matangazo ya biashara.

Sina ugomvi na machozi. Anayeona mtoto wa mnyama akihangaika asihisi kitu, huyo ana mambo yake. Ugomvi wangu ni na hadithi, na sisi watu wa fasihi ndio tulipaswa kulalamika kwanza. Filamu hizi zina mhusika mkuu, zina mhasimu, zina kilele, lakini zinapita bila kuhakikiwa kwa kuwa zimevaa koti la sayansi. Riwaya yenye mhalifu mwepesi namna ile tungeichanachana siku ileile.

Chukua lile tukio maarufu la Planet Earth II, mwaka 2016, kisiwani Fernandina huko Galápagos. Kitoto cha iguana kinachomoka mchangani, nyoka wanakikimbiza mawe kwa mawe, wanakizonga, kinachoropoka, kinapona. Dunia ilishangilia kama imefunga goli. Mwaka uliofuata mtayarishaji wake, Elizabeth White, akaeleza hadharani kwamba yule hakuwa iguana mmoja. Picha za iguana tofauti ziliunganishwa. Sawa, kila msanii anahariri. Ila basi tumuulize maswali tunayowauliza wasanii wengine: kwa nini huyu na si yule? Nyoka wale nao walikuwa wanatafuta chakula. Nani alimpigia nyoka zumari la huruma?

Na fisi je? Ngano zetu wenyewe zimemtukana miaka nenda rudi, mlafi, mjinga, lakini ngano hazijawahi kujidai utafiti. Hans Kruuk alimfuatilia fisi Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1972 kilionyesha kuwa fisi ni mwindaji hodari, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayekuja kumpora. Fisi jike hunyonyesha mwaka mzima na zaidi. Huyo naye ni mama. Simba jike tunayemlilia, kwa upande wake, ana madeni yake: utafiti wa Serengeti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa duma, kama 5 tu ndio waliofikia umri wa kujitegemea, na muuaji mkuu alikuwa simba. Shujaa wa Jumapili hii ndiye jambazi wa Jumapili ijayo. Inategemea kamera imelala kwa nani.

Mtu asiniambie kwamba bila adui hakuna msisimko. Mwaka 1990 kule Amboseli, tembo Echo, ambaye Cynthia Moss alikuwa amemfuatilia miaka mingi, alizaa dume lililopewa jina la Ely. Miguu yake ya mbele ilikuwa imejikunja, hawezi kuinyoosha. Alitambaa kwa magoti. Echo na binti yake Enid walibaki naye wakati wenzao wakienda zao, na siku ya tatu Ely akasimama. Hakuna fisi, hakuna ngoma za vita. Ukiitazama filamu ile roho inakaa mkononi, na hujafundishwa kumchukia kiumbe yeyote.

Lakini kuna mtoto wa mnyama ambaye hata filamu nzuri hazimwoni. Ndama. Ndama wa ng'ombe, aliyefungwa ndani ya boma usiku, anayemsikia simba ng'ambo ya miiba. Kama ni suala la kuokoka, mwingine yupi? Tena pembeni yake amelala mtoto wa binadamu ambaye karo yake ni huyohuyo ndama. Mfululizo wa BBC wa mwaka 2019 uitwao Serengeti uliwapa wanyama majina yetu: simba Kali, nyani Bakari, fisi Zalika. Kina Bakari wa Tanga sijui walipokeaje. Watu wenyewe hawamo. Utupu ule unaouona kwenye skrini ulitengenezwa. Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959.

Ndiyo maana Desemba 2015 watazamaji wengi walielewa upande mmoja tu. Bibi, simba jike wa kundi la Marsh huko Maasai Mara aliyejulikana kupitia Big Cat Diary, alikufa kwa sumu iliyowekwa kwenye mzoga wa ng'ombe. Kumwekea mnyama sumu ni ukatili na ni kosa la jinai, sitetei. Ila dunia iliyomlilia Bibi kwa jina lake haikuwahi kuonyeshwa ng'ombe waliotangulia kuliwa. Hawakuwa na majina wala zumari.

Na eti hadithi hiyo haina mvuto? Richard Turere alikuwa na miaka 11, akichunga ng'ombe wa baba yake mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakiwaua. Akagundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi, basi akafunga taa kuzunguka boma, zinawaka na kuzima kwa kupokezana, umeme ukitoka kwenye betri kuukuu ya gari. Simba wakakaa mbali, na hakuna aliyewaua. Mwaka 2013 alisimulia mwenyewe kwenye jukwaa la TED, dakika chache, akashuka.

Nataka saa nzima ya hiyo. Kamera ya usiku safari hii iwekwe ndani ya boma, upande wa ng'ombe, na msimulizi aambiwe jina la ndama.